Gari Linalokataa Kuwaka Injini Ikiwa na Joto: Tupime Kwanza, Ndipo Tutuhumu



Somo la toleo hili huenda likawashangaza baadhi yenu kulikuta katika jarida la polisi. Tunataka kuzungumzia gari linalowaka vizuri alfajiri, likasafiri bila malalamiko yoyote, kisha likazimwa kwa muda mfupi na kukataa kuwaka tena. Baada ya nusu saa au saa moja huwaka lenyewe, kana kwamba halikuwa na neno. Hitilafu ya namna hii ni kazi ya mafundi, wala si ya askari. Hata hivyo, sisi tunaofanya kazi mpakani tunakutana nayo mara nyingi, na safari nyingine hutufikia mezani ikiwa imekwisha kuvaa sura ya kesi.

Sababu yake si ngumu kueleza. Ninyi mnaotusoma mkiwa Busia, Malaba, Mutukula, Katuna au Elegu mnajua jinsi magari yanavyozimwa katika vituo vya mpaka yakiwa yametoka safari ndefu. Dereva hushuka, huenda dirishani kugongewa muhuri, huonyesha karatasi za mzigo, hubadilisha fedha, hunywa chai, kisha hurudi kuwasha gari. Muda huo wa dakika 20 au 30 ndio mbaya kuliko wote kwa injini yenye kasoro iliyojificha. Ndiyo maana gari ambalo nyumbani halijapata kumsumbua mwenyewe huweza kumwaibisha mbele ya umati wa watu wasiomjua, katika nchi isiyo yake.

Tukio lililotufunza

Jioni ya siku moja ya soko, mfanyabiashara mmoja alifika kituoni kwetu akihema. "Afande," alisema, "kuna kijana amechezea gari langu. Njooni haraka, watu wamekwisha kumshika."

Tulipofika kwenye maegesho tulimkuta kijana anayeosha na kulinda magari akiwa amekaa chini, damu ikimtiririka juu ya jicho. Mtu mmoja alikuwa bado ameshika jiwe. Maelezo ya mwenye gari yalikuwa mafupi, na kwa waliomsikiliza yalionekana kuwa na mantiki kamili. Wiki iliyotangulia aliegesha mahali hapo, gari likakataa kuwaka, na kijana huyo akapata fedha kidogo kwa kulisukuma. Siku hiyo ameegesha tena mahali pale pale, gari limekataa tena, na kijana ni yule yule. Kwa hiyo, alisema, ni dhahiri kwamba kijana hukata au hulegeza waya ili apate kulipwa kazi ya kusukuma.

Tulimwondoa kijana na kumpeleka kituoni, kwanza kwa ajili ya usalama wake. Baada ya kama dakika 40 mwenye gari alijaribu tena kuwasha, na gari likawaka mara moja. Umati ukapiga kelele: "Mnaona? Kijana ameondoka, na gari limepona!"

Tunakiri kwamba hata baadhi yetu tuliona jambo hilo ni zito. Mambo matatu yalikuwa yamekutana: mahali ni pale pale, mtu ni yule yule, na gari limepona baada ya mtu huyo kuondolewa. Lakini lilikuwapo jambo la nne ambalo hakuna aliyeliuliza. Mara zote mbili gari lilikuwa limetoka safari ya saa nyingi, na mara zote mbili lilikataa likiwa na joto na kukubali lilipopoa. Je, ni kijana aliyeondoka, au ni joto lililoondoka?

Tutarudi kwenye swali hilo. Kwanza tujifunze jinsi gari linavyopimwa.

Joto hufanya nini baada ya injini kuzimwa

Injini inapofanya kazi, maji huizunguka, feni huvuta hewa, na upepo wa barabarani hupita chini ya boneti. Ikizimwa, mambo hayo yote husimama kwa pamoja. Joto lililomo ndani ya chuma halipotei. Husambaa kwenye vitu vilivyo karibu, yaani stata, koili, sensa, waya na mabomba ya mafuta. Kwa muda fulani baada ya kuzimwa, vitu hivyo huwa na joto kali zaidi kuliko vilipokuwa safarini.

Joto huathiri vifaa kwa njia kadhaa. Shaba inapopata joto hupitisha umeme kwa shida zaidi: joto likipanda kwa nyuzi 75 za Selsiasi, upinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 30. Waya mwembamba uliopasuka ndani ya koili au sensa hutanuka, na ncha zake zikaachana; ukipoa hurudi na kugusana. Risasi ya kuunganishia ndani ya relei iliyochoka hufanya vivyo hivyo. Petroli nayo huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na ekzosi, hasa katika magari ya zamani yenye kabureta. Kwa hiyo kifaa kinachokufa kwa joto na kufufuka kwa baridi si uchawi, wala si lazima kiwe kazi ya mkono wa mtu.

Swali la kwanza: je, stata inazunguka?

Gari likikataa, madereva wengi hurudia kugeuza ufunguo kwa hasira mpaka betri inaisha. Hapo ushahidi hupotea, kwa sababu tatizo la pili limekwisha kulifunika la kwanza. Tunashauri utulie, ugeuze ufunguo mara moja, na usikilize. Kuna hali mbili tu, na kila moja ina njia yake.

Hali ya kwanza ni pale stata isipozunguka kabisa, au inapozunguka kwa uvivu, au inapotoa mlio mmoja wa "ta!" na kunyamaza. Hapa usiwaze petroli wala plagi. Tatizo liko katika njia ya umeme wa kuwashia. Washa taa kubwa, kisha mwombe mwenzako aziangalie wakati unapopiga stata. Zikififia sana au kuzimika, basi betri ni dhaifu, au vichwa vyake vina kutu, au waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini umelegea, au stata yenyewe inavuta umeme kupita kiasi. Zikibaki na nguvu ile ile na stata ikae kimya, umeme haufiki kwenye stata: shuku swichi ya ufunguo, relei, kontakti za stata, au, kwa gari la otomatiki, swichi inayotambua kwamba gia iko kwenye P au N. Jaribu kuwasha gia ikiwa N. Likiwaka, umekwisha kupata dalili yenye thamani.

Mwenye mita ya umeme apime. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwa inanguruma, kipimo kiwe kati ya 13.5 na 14.7 katika magari mengi. Ikiwa vipimo hivyo vyote ni vizuri na bado stata hulegea ikiwa na joto tu, basi stata au waya zake ndizo za kuchunguzwa. Stata iliyochoka, ikikaa karibu na ekzosi, hutenda hivyo hasa.

Swali la pili: ikizunguka lakini injini haiwaki, kinakosekana nini?

Hali ya pili ni pale stata inapozunguka kwa nguvu zake za kawaida, lakini injini haiwaki. Injini ya petroli inahitaji hewa, mafuta na cheche, kila kimoja kwa wakati wake. Hewa ni nadra kukosekana ghafla. Basi tunatafuta kati ya mafuta na cheche.

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Katika magari mengi yenye injekta utasikia pampu ya mafuta ikivuma kwa sekunde mbili au tatu upande wa nyuma. Usiposikia chochote, na wakati gari likiwa zima huisikia, shuku relei ya pampu, fyuzi au pampu yenyewe. Tazama pia taa ya injini: ni lazima iwake ufunguo ukiwa hapo. Isipowaka, huenda kompyuta ya gari haipati umeme. Taa yenye picha ya ufunguo ikimetameta bila kukoma, huenda gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ule wa akiba.

Kisha piga stata na utazame mshale wa mizunguko ya injini, ule ulioandikwa RPM. Katika magari mengi mshale huo huinuka kidogo wakati stata inazunguka. Ukilala kwenye sifuri bila kutikisika, sensa inayosoma mzunguko wa krenki huenda imekufa kwa joto. Sensa hiyo ndiyo huiambia kompyuta lini itoe cheche na lini imwage mafuta. Ikinyamaza, vyote viwili hukosekana kwa pamoja. Lakini tahadhari: yapo magari ambayo mshale wake hautikisiki hata yakiwa mazima. Kwa hiyo jifunze kwanza gari lako hufanyaje likiwa na afya, ndipo uweze kusoma ugonjwa wake. Dalili ni mwelekeo wa uchunguzi. Bado haijawa hukumu.

Kilichofufua gari ni shahidi

Hapa ndipo wengi hupoteza ushahidi bora kuliko wote. Gari likiwaka, furaha huwasahaulisha kuuliza: limewaka baada ya kufanya nini? Tukumbuke mambo manne.

Kwanza, ikiwa liliwaka baada ya kugeuza ufunguo mara tatu au nne ili pampu ivume, kabla ya kupiga stata, basi mgandamizo wa mafuta ulikuwa umeshuka lilipokuwa limesimama. Pampu, au vali inayozuia mafuta yasirudi kwenye tangi, ichunguzwe.

Pili, ikiwa liliwaka baada ya kukanyaga pedeli ya mafuta hadi chini huku ukipiga stata, na moshi mweusi ukatoka ukiwa na harufu ya petroli, basi injini ilikuwa imefurika. Injekta inayovuja, au sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi, zote huleta hali hiyo.

Tatu, ikiwa hakuna ulichofanya kilichosaidia ila kungoja lipoe, na stata ilikuwa ikizunguka vizuri muda wote, basi shuku kifaa cha umeme kinachokufa kwa joto: sensa ya krenki, koili au relei.

Nne, kwa magari ya dizeli ambayo huwaka vizuri asubuhi na kusumbua yakiwa na joto, pampu ya kusukumia dizeli kwenye injekta huenda imechakaa. Dizeli yenye joto huwa nyepesi na hupenya katika nafasi zilizolika, hivyo mgandamizo hautoshi. Wapo wanaoimwagia pampu maji baridi ili gari liwake. Msifanye hivyo, kwa maana chuma chenye joto kikipoozwa ghafla huweza kukwama au kupasuka. Kitambaa chenye unyevu, kikiwekwa kwa muda, kitawapa jibu hilo hilo bila hasara.

Daftari la dereva

Hitilafu inayokuja na kuondoka ina tabia ya mgonjwa anayepona anapomwona daktari. Unafika gereji, gari linawaka mara kumi mfululizo, na fundi anakutazama kana kwamba umebuni habari. Ndiyo maana tunawahimiza madereva kuweka daftari dogo ndani ya gari. Kila mara gari linapokataa, andika saa, umbali uliosafiri, muda uliokuwa umezimwa, kama kulikuwa na jua au mvua, kiasi cha mafuta kilichokuwa tangini, stata ilifanya nini, taa zipi ziliwaka, na ni jambo gani lililofanywa kabla halijawaka tena. Baada ya matukio matatu au manne, kurasa hizo zitakuwa na thamani kuliko vipuri vitatu vilivyonunuliwa kwa kubahatisha.

Fundi naye ana wajibu wake. Kifaa cha kusomea misimbo ya hitilafu kina msaada; kwa mfano, msimbo P0335 huelekeza kwenye njia ya umeme ya sensa ya krenki. Lakini msimbo haumaanishi lazima kwamba sensa imekufa. Waya wake au soketi yake huenda ndiyo yenye kasoro. Na kompyuta isipohifadhi msimbo wowote, hilo si uthibitisho kwamba gari ni zima. Fundi mwangalifu huileta hitilafu mbele yake. Huliendesha gari mpaka lipate joto, hulizima, hungoja dakika 20, kisha hupima wakati gari likiwa limekataa. Huweza pia kupasha joto kifaa kimoja kwa kikaushia nywele injini ikiwa baridi, au kupooza kimoja kwa kitambaa chenye unyevu ikiwa na joto, na kutazama kama hali inabadilika. Kisha hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitano siku moja hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na mwenye gari atakuwa amevilipia vyote.

Tahadhari za usalama

Katika kutafuta kasoro, tusizae maafa. Msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na joto. Maji yaliyobanwa humo hutoka kwa nguvu na kumwunguza mtu uso. Msijaribu cheche kwa kushika waya wa plagi mkononi, wala palipo na petroli iliyomwagika. Umeme huo hufikia maelfu ya volti, na cheche moja yatosha kuwasha mvuke. Kazi hiyo mwachieni fundi mwenye kifaa chake. Msipige stata kwa zaidi ya sekunde 10 hadi 15 mfululizo. Ipumzisheni kwa dakika moja au mbili.

Wapo madereva ambao, kwa kuogopa gari kukataa, huliacha likinguruma na kwenda dirishani. Tunawasihi waache desturi hiyo. Gari linalonguruma bila mwenyewe ni zawadi kwa mwizi, na mpaka ukiwa hatua chache mbele, kulifuatilia huwa kazi ngumu. Tena moshi wa ekzosi una hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huweza kumwua mtoto aliyelala ndani ya gari au katika chumba kilicho karibu. Ni heri kuchelewa nusu saa kuliko kupoteza gari au mtoto.

Gari likikataa barabarani, lisukumeni kando kadiri iwezekanavyo. Kumbukeni kwamba injini ikiwa imezimika, breki huwa nzito baada ya kukanyagwa mara moja au mbili, na usukani nao huwa mgumu. Msilisukume kwenye mteremko. Magari ya otomatiki kwa kawaida hayawaki kwa kusukumwa, kwa hiyo msichoshe watu bure. Washeni taa za tahadhari na wekeni pembetatu zinazoakisi mwanga mbele na nyuma, mbali kiasi cha kumpa dereva anayekuja nafasi ya kusimama. Matawi na mawe si mbadala mzuri: mawe hayaonekani usiku, na wengi huyasahau barabarani baada ya gari kuondoka. Abiria washuke na wakae mbali na njia. Aliyevuka kutoka Uganda, Kenya au Tanzania kwenda Rwanda, Burundi, Kongo au Sudani Kusini akumbuke kwamba huko magari huenda upande wa kulia. Atazame vizuri hatari inatokea upande gani kabla ya kufungua mlango.

Mkihitaji msaada, piga 112, namba ya dharura inayotumika Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda. Uganda na Kenya mnaweza pia kupiga 999. Akija mtu msiyemjua na kutaka kusaidia, pokeeni msaada wake kwa shukrani, ila ufunguo ubaki mkononi mwa dereva na vitu vya thamani vibaki karibu naye. Tahadhari si tuhuma. Mtu huweza kuwa mwangalifu na bado akawa mwenye heshima kwa mgeni anayemsaidia.

Tulichokipata katika uwanja wa kituo

Sasa turudi kwa yule kijana. Kesho yake asubuhi tulimwita fundi wa gereji ya jirani, tukamwomba mwenye gari awepo. Fundi alisikiliza habari yote bila kukatiza, kisha akasema, "Mzee, tusibishane. Tulitie gari joto tena, tuone litasema nini."

Waliliendesha kwa zaidi ya saa moja, wakalileta ndani ya uwanja wa kituo. Lilizimwa, milango ikafungwa, na ufunguo ukawekwa juu ya meza ya zamu. Kijana alikuwa ameketi kwenye benchi mbele yetu sote, bandeji ikiwa juu ya jicho. Hakuna mtu aliyelisogelea gari. Baada ya dakika 25 mwenye gari alichukua ufunguo na kujaribu mwenyewe. Stata ilizunguka kwa nguvu, injini haikuwaka. Mshale wa RPM, ambao asubuhi tulikuwa tumeuona ukiinuka kidogo, sasa ulilala kwenye sifuri. Fundi alipima, cheche haikuwapo. Akaweka kitambaa chenye unyevu juu ya sensa ya krenki, akasubiri, akamwambia mwenye gari ajaribu tena. Gari likawaka.

Fundi hakuridhika na mara moja. Alirudia jaribio lote mchana, na matokeo yakawa yale yale. Ndipo akabadilisha sensa, kitu hicho kimoja tu. Gari likatiwa joto kwa mara ya tatu, likazimwa, likawashwa bila taabu.

Mwenye gari alikaa kimya kwa muda. Kisha alimwendea kijana, akampa mkono, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nilikuwa na hakika." Kijana aliupokea mkono, akajibu kwa sauti ya chini, "Nao walikuwa na hakika, mzee, wote walioshika mawe." Mwenye gari alilipa gharama za matibabu. Yule aliyeonekana na jiwe tulimchukulia hatua za kisheria, kwa sababu kosa la kumpiga mtu halifutwi na imani ya mpigaji kwamba alikuwa akitenda haki.

Funzo letu

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 28, inasema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo, au mpaka akiri mwenyewe. Wengine hudhani kanuni hiyo imewekwa ili kuwasaidia wahalifu. Imewekwa kwa sababu mambo mawili yaliyotokea pamoja hayawi lazima moja kuwa chanzo cha jingine. Umati uliona kijana ameondoka na gari likawaka. Haukuona joto likiondoka, kwa kuwa joto halionekani kwa macho.

Sisi sote wa mpakani tunaishi kati ya wageni. Leo huyu ni mgeni kwetu, kesho sisi ni wageni kwao. Ni rahisi kumtupia lawama mtu ambaye hana ndugu karibu, au ambaye kazi yake ni ya chini. Tunawaomba wazee wa vijiji, viongozi wa maegesho, madereva na waendesha bodaboda mfikishe funzo hili kwa watu wenu: palipo na shaka, mlindeni mshukiwa, iteni polisi, hifadhini hali ilivyo, na ngojeni vipimo. Fundi hakumwonea aibu mwenye gari kwa kusema "tungoje lipate joto tena". Kungoja huko kulikuwa sehemu ya kazi yake, na ni sehemu ya kazi yetu pia.

Kijana bado analinda magari katika maegesho yale yale. Juu ya nyusi yake kuna kovu dogo. Kila tunapopita pale hutusalimu, nasi hatujasahau kwamba jioni ile, kwa muda mfupi, baadhi yetu tulikaribia kuamini.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya kijiji

1. Gari likikataa kuwaka, kwa nini ni muhimu kutambua kwanza kama stata inazunguka au la?

2. Gari limewaka baada ya kupoa tu, na stata ilikuwa ikizunguka vizuri. Utashuku vifaa gani, na fundi atathibitishaje?

3. Taja hatari mbili za kuliacha gari likinguruma bila dereva katika kituo cha mpaka.

4. Katika maegesho au soko la kwenu, ni nani atakayekuwa wa kwanza kusimama kati ya mshukiwa na umati, na atatupataje kwa haraka?